Wahadhiri wa Arusha na Moshi, tuhesabu miezi ya michango mapema: mkupuo peke yake hautatubeba

Mwalimu wa Moshono
Wakuu, salaam.

Nimefungua uzi huu kwa ajili ya wenzangu tunaofundisha vyuoni, Arusha, Usa River, Moshi na kwingine. Mtu amefundisha miaka thelathini, amesimamia tasnifu lukuki, wanafunzi wake leo ni wakurugenzi, lakini ukimuuliza amechangia miezi mingapi kwenye mfuko wa pensheni hajui. Ukimuuliza pensheni yake ya mwezi itakuwa kiasi gani, anakutajia mkupuo, ile pesa ya mara moja ya siku ya kustaafu. Niko kwenye kamati ya chama cha wafanyakazi chuoni kwetu, watu huniletea makaratasi yao wakiwa wamebakiza miezi michache, na inaniuma kwa sababu mengi ya kurekebisha yalipaswa kurekebishwa miaka kumi nyuma.

Sisi tunaanza kuchangia tukiwa tumechelewa. Aliyeajiriwa ualimu wa sekondari akiwa na miaka 24, akifika 60 ana miezi 432. Wewe uliyemaliza uzamili, ukazunguka kwenye miradi ya utafiti kwa mikataba ya posho, ukaajiriwa na 31, ukitoka na 60 una 348. Hapo sijagusa miaka ya uzamivu.

La kwanza ninaloomba tulielewe: cheo chako ndicho kinachoamua tarehe yako ya kuondoka. Kwa mtumishi wa umma wa kawaida, kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni 60. Kwa maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa, hiari ni 60 na lazima ni 65. Angalieni vizuri, mhadhiri mwandamizi yumo, mhadhiri hayumo. Mwenye uzamivu anayefikisha 60 akiwa bado mhadhiri anakabidhi ofisi, na jirani yake wa mlango wa pili aliyepanda cheo mwaka jana anaendelea mpaka 65. Miaka mitano ya mshahara na miezi 60 ya michango inapotea kwa sababu ya makala mbili tatu ambazo hazikutumwa jaridani kwa wakati. Kupanda cheo tumekuzoea kama jambo la heshima, kumbe kwenye kustaafu ni riziki. Na mchakato wenyewe mnaujua: miaka mitatu kwenye cheo kwa kawaida, mapitio ya wasomaji wa nje, kikao cha idara, cha ndaki, cha chuo. Mwenye miaka 54 ambaye hajawasilisha maombi, aanze mwezi huu.

La pili ni taarifa ya michango. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ilianza Agosti 2018 baada ya kuunganishwa mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF, kwa hiyo wengi wetu kumbukumbu zetu zimehama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Ingia PSSSF Kiganjani, programu ya mfuko ya kwenye simu, fungua taarifa yako, uipitie mwezi kwa mwezi tangu mchango wa kwanza. Usiridhike na jumla iliyoandikwa chini. Nilikaa na mwenzangu mmoja tukateremka na safu ya miezi: Juni ipo, Julai ipo, Agosti ipo, Septemba ipo, halafu mstari unaofuata ni Februari ya mwaka wa pili. Alikuwa masomoni nje, mshahara uliingia kila mwezi, na hati zake za mshahara zinaonyesha makato. Pesa ilikatwa, haikufika. Kilichomwokoa ni bahasha ya kaki aliyokuwa ametunzia hati zote za mshahara, hata zile za karatasi nyembamba zilizoanza kufifia wino. Angekuwa hana, angebaki na maneno matupu.

Kwa hiyo angalia hasa vipindi hivi: ulipokuwa masomoni, ulipochukua likizo bila malipo, ulipoazimwa taasisi nyingine, na miezi ya mwanzo kabla hujathibitishwa kazini. Ukikuta pengo, andika barua kwa mwajiri ukiambatisha hati za mshahara, na nakala ipeleke mfuko. Ukibakiza miaka saba unadai kwa utulivu, ukibakiza miezi saba ni presha tupu.

Karibuni tujadili. Mwenye hesabu za kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao, aziweke hapa, maana mimi ni mtu wa kilimo.

Kijana wa Sakina
Ahsante sana mkuu kwa bandiko. Sisi wa vyuo binafsi je? Mimi ni mhadhiri msaidizi, michango yangu inakwenda NSSF, mfuko wa sekta binafsi. Au niseme inapaswa kwenda, maana nilipoomba taarifa nimekuta miezi mingi haipo. Chuo sitakitaja. Ukiuliza unaambiwa ada za wanafunzi zikiingia watalipa. Nina miaka 36, naona kama kustaafu ni mbali.

Mwalimu wa Moshono
Kijana wa Sakina, mdogo wangu, si mbali. Mwajiri kukata mchango na kutoupeleka ni kosa kisheria, iwe chuo cha serikali au cha dini. Usigombane na mhasibu wa chuo kwenye korido, atakuwa adui yako bure. Nenda ofisi ya NSSF ya mkoa na mkataba wako, hati za mshahara na taarifa ya michango, uandikishe malalamiko. Wakaguzi wao wanaweza kuingia chuoni bila kutaja kwamba ni wewe uliyelalamika, na ni vizuri zaidi mkienda watu kadhaa.

Halafu ukipata ajira serikalini baadaye, usije ukaiacha ile miezi ya NSSF ikaelea. Sheria inaruhusu vipindi vya uchangiaji kwenye mifuko miwili kujumlishwa. Pensheni ya mwezi inataka angalau miezi 180, kwa hiyo miaka yako ya chuo binafsi inaweza kuwa ndiyo inayokuvusha.

Hesabu za Haki
Nimeombwa hesabu, naziweka. Mimi ni mhasibu, hizi kazi nawafanyia walimu kila siku.

Kikokotoo cha sasa kiko hivi. Chukua miezi uliyochangia, gawanya kwa 580, zidisha kwa wastani wa mshahara wako wa mwaka. Wastani huo unatokana na miaka mitatu yenye mshahara mzuri zaidi ndani ya miaka kumi ya mwisho. Unachopata ni pensheni kamili ya mwaka. Sehemu yake inazidishwa mara 12.5 kuwa mkupuo, inayobaki unagawiwa kila mwezi. Mwaka 2022 mkupuo uliwekwa asilimia 33 kwa wote, na bajeti ya 2024/25 ikapandisha: waliotoka mifuko iliyokuwa ikilipa asilimia 50, kama PSPF na LAPF, wakawa 40, na waliokuwa kwenye asilimia 25, kama PPF, wakawa 35. Wahadhiri wengi wa zamani walikuwa PPF, ndiyo maana unakuta wawili wenye mshahara sawa wanapata mkupuo tofauti. Msishangae wala msiitane waongo.

Tuchukulie mhadhiri mwandamizi aliyekuwa PPF, miezi 360, mshahara wa wastani 4,000,000 kwa mwezi, yaani 48,000,000 kwa mwaka. Pensheni kamili ya mwaka inakuja kama 29,793,000. Mkupuo wa asilimia 35 ni kama milioni 130.3. Pensheni ya mwezi ni kama 1,613,800.

Sasa ile miezi iliyopotea ambayo Mwalimu ameisema. Kwa mshahara huohuo, miezi 12 isiyochangiwa inakuondolea kama milioni 4.3 kwenye mkupuo na kama 53,800 kila mwezi mpaka unaingia kaburini. Miaka mitano ya masomo isiyochangiwa ni milioni 21.7 na shilingi 269,000 za kila mwezi. Zidisheni hiyo kwa miaka ishirini ya uzee muone.

Jambo jingine wahadhiri hawapendi kulisikia. Kinachoingia kwenye hesabu ni mshahara. Posho ya ukuu wa idara, pesa ya utahini wa nje, vipindi vya jioni, ushauri wa kitaalamu, malipo ya mradi wa utafiti, vyote hivyo havimo. Mshahara wa 4,000,000 ukishatoa mchango wa mfuko, kodi na bima unabaki kama 2,700,000 mkononi kabla ya mkopo. Lakini profesa wetu haishi kwa 2,700,000. Anaishi kwa hiyo pamoja na mradi. Siku ya kustaafu mradi unakwenda kwa mwingine, na yeye anabaki na 1,600,000.

Mangi wa Pasua
Mkuu hesabu umezitendea haki, ila mimi naona mnawatisha watu. Milioni 130 siyo pesa ndogo. Mpango wangu uko wazi: mkupuo ukitoka najenga hosteli ya wanafunzi karibu na chuo, vyumba ishirini, nakula kodi mpaka uzeeni. Wanafunzi hawaishi.

Hesabu za Haki
Mangi, wazo la hosteli silipingi, nakushauri kuhusu muda wake. Ukijenga kwa mkupuo ukiwa na 60 au 65 unaweka pesa yote ya uzee kwenye tofali kabla hujajua biashara inaendaje. Wanafunzi hawaishi, ni kweli, lakini huondoka likizo ndefu, na bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa na kodi inachelewa. Chuo kikijenga mabweni yake yenyewe, vyumba vyako vinapungua bei msimu huohuo. Anza na vyumba vinne sasa hivi ukiwa na mshahara. Ukiona miaka mitatu vimejaa na umeweza kudai kodi kwa watoto wa watu bila kuumwa kichwa, endelea. Ukiona huwezi, umejifunza kwa vyumba vinne.

Nasema hivyohivyo kwa fremu za maduka, kuku wa mayai, na daladala ya Moshi–Arusha. Biashara ambayo hukuwahi kuifanya ukiwa na nguvu, usiifungue kwa mkupuo.

Mama wa Kibosho
Wakubwa wenzangu shikamooni, wadogo marahaba. Huu uzi nimetumiwa na binti yangu. Mimi nilifundisha chuo hapa Moshi, nimestaafu, niko nyumbani Kibosho. Nitasema ya kwangu taratibu.

Miaka ya mwisho kazini mimi na mzee wangu tulikaa tukakubaliana: tujifunze kuishi kwa kile pensheni itakachotoa, kinachozidi kiende akiba ya SACCOS na vipande vya UTT, mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu kweli. Ndipo unapogundua pesa ilikuwa inakwenda wapi. Kwetu ilikuwa ada za watoto wa ndugu, mafuta ya gari la pili, na kamati za harusi. Hili la kamati naomba walimu mnisikilize. Ukiwa mhadhiri, kadi yako ya mchango inaandikwa kiwango cha mhadhiri. Ukistaafu hakuna mwenyekiti wa kamati atakayekaa akapunguza kiwango chako. Inabidi uanze mwenyewe kutoa kidogo ukiwa bado kazini, watu wakuzoee hivyo. Tulinuniwa kidogo mwanzoni. Sasa hivi tunapendwa tu.

La pili ni nyumba ya Desemba, na hapa nawasemea Wachaga wenzangu kwa upendo. Pandeni kutoka mjini kwenda Uru, Kibosho, Machame au Marangu mwezi wa tano. Mtaona majumba ya vioo, geti kubwa, madirisha yamefungwa, mlinzi amekaa kwenye kiti cha plastiki. Yanafunguliwa wiki mbili za Krismasi. Namjua mwenzangu aliyemalizia nyumba ya namna hiyo kwa mkupuo, vigae vya sakafuni peke yake vilikula sehemu kubwa. Leo anaishi kwa mtoto wake Dar es Salaam kwa sababu kliniki yake iko huko, na vigae vinafagiliwa na shamba boi. Kama utakuja kuishi kihambani, kwenye shamba la ukoo, jenga nyumba ya wazee wawili: vyumba vichache, hakuna ngazi, choo karibu na kitanda, njia ambayo gari inaweza kufika mlangoni usiku mvua ikinyesha. Kama hutaishi, usijenge kwa kuogopa maneno ya ukoo.

Na kihamba chenyewe hakilipi mshahara. Kahawa unavuna kwa msimu, unapeleka chama cha msingi, unasubiri malipo. Migomba inakupa kitu cha sokoni kila wiki. Maziwa ndiyo yanayoleta pesa ya kila siku, lakini ng'ombe wawili wa ndani wanataka majani kila siku ya Mungu, na majani yanabebwa kutoka tambarare au yanakatwa kwenye mteremko. Mwili wa miaka 65 hauwezi hiyo kazi, kwa hiyo lazima umlipe mtu. Hesabu mshahara wake kabla hujahesabu lita. Wanaotaka parachichi za kisasa wapande na miaka 55, zinataka kama miaka mitatu minne kabla hazijaanza kukupa kitu, na mche unakubali kusubiri pale ambapo tumbo halikubali.

Bima ya afya, jamani. Mstaafu wa NHIF anabaki yeye na mwenza wake. Wengi wetu tumewaweka wazazi kwenye kadi. Siku unastaafu na 60, mama yako wa miaka 85 anatoka kwenye bima wakati ndiyo anaihitaji kuliko wakati wowote. Sisi tulikaa na ndugu zangu mapema, mdogo wangu ambaye bado yuko kazini akamwandikisha mama upande wake. Lifanyeni hilo mwaka mmoja kabla, makaratasi yana mzunguko.

Na wosia. Kihamba kwa mila kina mwenyewe, mara nyingi mtoto wa mwisho wa kiume. Kama mmetumia mshahara wa wote wawili kujenga juu ya ardhi ambayo kimila ni ya ukoo wa mume, kaeni na wazee mliandike mkiwa hai. Nimeona mjane mwenye shahada ya uzamivu akiulizwa aondoke lini.

Mangi wa Pasua
Mama shikamoo. Hapo kwenye vigae umenigusa. Nitaanza na vyumba vinne.

Ndizi Mshale
Mama wa Kibosho, ubarikiwe. Naomba Hesabu za Haki atufafanulie kuhusu hatifungani. Kuna mtu kaniambia nikiweka mkupuo wote kule sifanyi kazi tena.

Hesabu za Haki
Dada, hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa riba, ni sehemu nzuri ya kuweka fungu la mkupuo, siyo wote. Zinauzwa na Benki Kuu kwa mnada, kuanzia shilingi milioni moja, unanunua kupitia benki au dalali wa soko la hisa. Riba inalipwa mara mbili kwa mwaka. Mfano wa kuelewa tu: hatifungani ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 12.56, ukiweka milioni 50 unapata 6,280,000 kwa mwaka, yaani 3,140,000 kila baada ya miezi sita. Lakini riba hubadilika kwa kila toleo. Hiyo ya miaka 25 ilikuwa asilimia 15.95 kabla ya kushushwa Aprili 2022, kwa hiyo usipange uzee wako kwa riba uliyosikia kwa jirani aliyenunua mwaka mwingine.

Na miaka 25 kwa mtu wa miaka 60 ni mpaka 85. Unaweza kuiuza katikati sokoni, ila bei siku hiyo inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Ndiyo maana napenda mstaafu agawanye: fungu la dharura mahali pa kutoa haraka, kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT, fungu la hatifungani, na kile kidogo cha mradi aliokwisha kuujaribu. Miezi sita ya kwanza pesa ikae benki, usifanye uamuzi wowote mkubwa. Ndugu watakuja na mawazo, waache wazungumze.

Mwalimu wa Moshono
Naongezea mawili. Mikopo: makato yako yote hayatakiwi kukuacha chini ya theluthi moja ya mshahara, na wengi tunaishi hapohapo kwenye theluthi. Ukishafika 53, kila mkopo mpya uangalie unaisha lini. Mkopo unaovuka tarehe ya kustaafu unakwenda kuliwa na mkupuo.

Na matapeli. Wanajua majina ya wanaostaafu, wanapiga simu wakijifanya maofisa wa mfuko, wanakwambia tuma kiasi fulani ili jalada lako lisukumwe. Mfuko haudai pesa kukulipa mafao yako. Watu wa umri wetu wanakumbuka DECI, ule upatu wa mwaka 2009, jinsi watu walivyopanda mbegu na wakakosa kuvuna, wasomi wakiwemo. Anayekuahidi faida ya mwezi mmoja inayozidi riba ya hatifungani ya mwaka mzima, zima simu.

Kijana wa Sakina
Mkuu mrejesho: leo nimekwenda ofisi ya NSSF na wenzangu watatu. Wamepokea malalamiko, wametaka mikataba na hati za mshahara za miezi yote isiyoonekana. Mwenzetu mmoja hana barua yake ya kwanza ya ajira, iliungua nyumba ilipoungua. Afanyeje?

Mwalimu wa Moshono
Safi sana mdogo wangu. Huyo mwenzenu aanze na masijala ya chuo, nakala ya barua ya ajira inapaswa kuwa kwenye jalada lake la utumishi. Aombe kwa maandishi, aombe nakala iliyothibitishwa kwa muhuri, pamoja na barua ya kuthibitishwa kazini na ya kila cheo alichopandishwa. Kama jalada lina upungufu, mwajiri anaweza kumwandikia barua ya kuthibitisha tarehe ya kuanza kazi, kwa kuangalia orodha za malipo ya mishahara za wakati ule. Akiwa hapohapo alinganishe majina: kilichoandikwa kwenye cheti, kwenye kitambulisho cha NIDA, kwenye barua ya ajira na kwenye taarifa ya mfuko viwe kitu kimoja, hata herufi ya katikati. Kama vinatofautiana aape kiapo sasa hivi. Na atazame majina ya wategemezi aliyojaza siku ya kuajiriwa, maana watu huoa, huzaa na hufiwa, na fomu inabaki na majina ya zamani.

Wewe utuletee majibu ya NSSF hapahapa wakishakagua.